Gattaca: filme ya sayansi yenye kazi yote ni ya kujificha

Nianze na yenye itakasirisha bamoya: humu hamuna vita, hamuna ma-robo, ata roketi zenyewe unaziona paka kwa mbali ku dirisha, zinapanda na moshi yake kisha basi. Mwenye alizoea filme za sayansi za mabunduki ya mwangaza na bintu bya kijani bya kutoka ku sayari zingine, atasinzia mbele ya nusu saa. Gattaca, benye baliiangaliaka kwa Kifaransa banaijua kwa jina ya Bienvenue à Gattaca, ni ya 1997, iko na dakika 106, iliandikwa na kuongozwa na Andrew Niccol, mutu wa New Zealand, na ilikuwa filme yake ya kwanza kuongoza. Ku masinema ilianguka, ilikula karibu milioni 36 za dolari na ku Marekani ikarudisha kama 12 na nusu. Lakini haikufa. Mi niliipata ku flashi ya mwanafunzi mumoya wa sheria wa UNILU, iniversite ya Lubumbashi, aliiweka katikati ya filme za karate na mahubiri ya ba-pasta, akaniambia tu "angalia hii, kisha tutagombana". Na kweli tuligombana, njo maana naandika.

Hadisi iko hivi. Mu ile dunia ya kesho bazazi benye makuta banaenda kwa munganga, anabaonyesha mimba ndogo ndogo za mu laboratwari zingali hazijaingia mu tumbo ya mama, banachagua yenye haina upara, haina macho mubaya, haina tamaa ya pombe, haina hasira, haitanona sana. Mutoto anazaliwa sawa vile banamuagiza ku magazini. Benye banazaliwa kwa njia ya babu na nyanya banabakia kufagia, hakuna mwenye anabatukana, tena sheria inakataza kubabagua, lakini ukienda kuomba kazi banakupeana mukono na ule jasho wa mukono wako njo egzamini yako, ukikatala banapima mate yenye ulilambia enveloppe ya barua. Hiyo kidogo ilinishika sana. Sheria iko, na kila mutu anaipita pembeni bila kelele.

Vincent Freeman, njo Ethan Hawke, eko mu hao ba chini. Mimba yake ilikamatiwa mu motoka, na sekunde chache nyuma ya kuzaliwa infirmyeri anamuchoma ku kisigino, tone moya ya damu, mashini inatosha karatasi, na banaisoma paka pale pale, mama angali na jasho ku paji ya uso: ugonjwa wa mishipa ya fahamu 60 kwa mia, huzuni ya kupanda na kushuka 42, akili yenye haitulii 89, moyo 99, na miaka ya kuishi 30 na nukta mbili. Kisha inakuya kintu kadogo yenye baangaliaji mingi banaipitaka. Baba alikuwa anataka kumupatia jina yake mwenyewe, Anton. Akisikia ile karatasi anasita, anabadirisha, mutoto anaitwa Vincent, na jina ya baba inangoya mutoto wa pili, ule wa laboratwari. Kwetu baba akikatala kupatia mutoto wake wa kwanza jina yenye alishatangaza, famili yote itaikala chini siku hiyo hiyo kuuliza mama alifanya nini. Mu filme hakuna mwenye anauliza. Nyuma kidogo shule ya batoto badogo inamufungia Vincent mulango juu asiransi haitalipa akianguka, na anabakia pale anashika fensi.

Sasa huyu mutoto anakomaa na wazo moya tu: kwenda mu anga, ku Titan, ule mwezi wa Saturne wenye uko na mawingu nzito mpaka zamani hakuna mwenye alijua chini kuko nini. Kuko fasi anapuliza moshi ya sigara mu glasi ya divai ili amuonyeshe mwenzake vile Titan iko, moshi inazunguka mu glasi haitoke, na ni maelezo mazuri ya sayansi kushinda mingi zenye niliona mu filme za milioni mia mbili. (Filme ilitoka tarehe 24 ya mwezi wa kumi 1997, siku tisa tu nyuma ya chombo ya kweli, Cassini, kurushwa kwenda Saturne, na mwanamuke wa mu filme, Uma Thurman, anaitwa Irene Cassini. Mu 2005 Huygens, yenye Cassini ilibeba, ikashuka ku Titan yenyewe na kututumia mafoto. Mi ile mambo inanifurahisha, samahani.)

Vincent hawezi kuingia Gattaca, njo jina ya ile kampuni ya safari za anga, ila kwa fagio. Anakuwa mufagiaji pale pale, chini ya muzee Caesar, njo Ernest Borgnine, anapangusa bioo huku roketi zinapanda mugongoni mwake. Kisha mutu mumoya wa njia za giza anamukutanisha na Jerome Morrow, njo Jude Law, mwenye damu safi kabisa, mwogeleaji wa medali, lakini mugongo ulivunjika na sasa eko ku kiti ya magurudumu. Banapatana: Jerome anatoa damu, mikojo, nywele na jina, Vincent analipa nyumba na maisha. Huku kwetu hakuna mwenye atashangaa. Nani hajasikia mutu mwenye anatumika miaka na matrikile ya mukubwa wake, ama na diplome ya mwenye alishakufa? Tofauti ni kwamba kwa Vincent dosye iko mu mwili, na mwili hauwezi kupiga fotokopi.

Na hapa njo filme inakuwa kubwa. Kila asubui Vincent anaingia mu kachumba ka chuma, anajisugua na brosi mpaka ngozi inakuwa nyekundu, kucha, kifua, nyuma ya masikio, kisha anawasha moto unachoma yote yenye ilianguka. Anafunga sashe ya mikojo ya Jerome ku paja. Anabandika ku ncha ya kidole ngozi ya bandia yenye iko na tone ya damu ya Jerome ndani, juu ku mulango wa kazi kila asubui mashini inachoma kidole. Anaingiza bioo bidogo mu macho. Akifika ku meza anavuta na kamashini buchafu yote ya katikati ya ma-tushi ya ordinateri, kisha anamwaga pale unga kidogo ya ngozi ya Jerome, na mu kasanduku ka meza anaacha kitana yenye nywele ya Jerome moya. Nyumbani frijo imejaa ma-sashe yenye majina na tarehe, na Jerome anaikala pale mu kiti yake anayatayarisha, na sigara ku mudomo, sawa mama mwenye anafunga bipande bya biskuti bya kuuza ku mulango.

Mi nilishachoka na yale mahubiri ya "ukitaka unaweza", unayasikia ku redio, ku kanisa, ku ma-semineri ya dolari 20 kule ku hoteli za mu vile. Hii filme banaiuzaka na maneno hayo hayo, ku bango yake iliandikwa kitu ya namna ile, roho ya mutu haina jeni. Sawa. Lakini angalia vizuri vile inaonyesha ule ukaidi wa Vincent: si hotuba, si machozi, ni kufagia. Ni kuamuka mapema kushinda benzake, kila siku, kufanya kazi ya nyumbani yenye hakuna mwenye atamushukuru, na siku moya akisahau nywele moya ya kope yote inaanguka. Na aliisomea wapi? Mu kazi ya fagio. Mutu mwenye alipangusa meza za bakubwa anajua nini inabakia ku meza, batu ba damu safi habajui, juu habajainamaka. Sijaona mutu kuandika hiyo, na kwangu njo ufunguo ya filme nzima. Tena eko na mwenzake. Bila Jerome kule chini mu frijo, Vincent hafike ata ku mulango wa pili. Benye banasema ni hadisi ya mutu mumoya mwenye alishinda dunia peke yake, siyue baliangalia nini.

Basi nafika ku yenye tuligombaniaka na ule mwanafunzi. Yeye anasema filme inaonyesha karatasi ya damu ni uongo, ni ubaguzi, iondoshwe. Mi nasema ngoya kwanza, tuko Lubumbashi.

Huku karatasi ya damu haiko hadisi ya kesho. Kanisa mingi zinaomba bachumba elektroforezi mbele ya ndoa, kipimo ya damu yenye inaonyesha kama uko AA (salama), AS (unabeba S moya bila kugonjwa), ao SS (mugonjwa wa selimundu, drépanocytose). AS akioana na AS, kila mimba iko na nafasi moya kati ya ine ya kuleta mutoto SS, na hiyo hesabu haibadirike na maombi. Mwenye aliona mutoto SS mu krizi, baridi ya mwezi wa sita, mifupa inamuuma mpaka hajui alale upande gani, damu inakatika usiku na baba anazunguka anatafuta mwenye anaweza kutoa, ule mutu usimuambie karatasi haina maana. Ina maana sana. Kama bazazi bangejua mapema mutoto angeanzishwa dawa ya kukinga maambukizo angali mudogo, angekunywa maji mingi, angepata chanjo zake. Filme inarahisisha hapa: karatasi zake zote ni za kufunga mulango, hamuna ata moya yenye inafungua.

Lakini upande wa pili ule mwanafunzi ana haki na mi nilimuambia. Juu tunafanya nini na ile karatasi? Msichana anaachwa, sawa, bachumba banaweza kuamua, lakini kisha inatembea mu kartye nzima kwamba "ule eko na S", ma-tantine banainua nyusi, na kijana mwenyewe ata hajapimwa, ao alipimwa akaficha. Mutoto wa tantine yangu eko SS, alimaliza lisansi, alipita ma-interviu fasi moya sitaitaja, kazi yenyewe ni ya kuikala ku kiti na kuhesabu, mpaka siku yenye balisoma karatasi ya munganga. Hakuna mwenye alisema neno mubaya. Balimuambia tu batamupigia. Angali anangoya. Niliangalia Vincent mu interviu yake, ile yenye inaisha ku mikojo, hakuna ulizo ata moya, na niliwaza paka huyu.

Na ile S yenyewe, filme ingepaswa kuiweka. Juu S moya, mwenye eko AS, inamukinga mutoto na malaria kali, njo maana imebakia mu damu yetu bakati yote hii. Ule munganga wa mu filme mwenye anaongea polepole na sauti ya asali, anaambia bazazi kwamba ataondosha yote yenye si nzuri na mutoto atabakia wao tu, ila ile sehemu yao nzuri kushinda, angeifuta S bila kuwaza mara mbili. Kule kwake haina shida. Hapa Katanga mu musimu wa mvula ungeona. Kintu inaitwa mubaya kufuatana na fasi uko, na hiyo Gattaca haiiguse kabisa, inabakia paka ku moyo na macho.

Halafu usiniambie ni mambo ya kuota. Ku Marekani mu miaka ya 1970 mutu mwenye AS tu, mwenye hagonjwi, hakuruhusiwa kuingia ku shule ya maofisa ya jeshi yao ya anga, balikuwa banasema kule juu hewa ni kidogo damu yake itaharibika. Balikuya kuiondosha ile katazo mu 1981. Yaani bale batu beusi bakakatazwa kuruka juu ya herufi moya, miaka kumi na sita mbele ya filme. Sheria ya Marekani yenye inakataza patron na asiransi ya ugonjwa kumubagua mutu juu ya ADN, ile urithi ya mu mwili, ilitoka 2008. Mu 2018 mwanasayansi mumoya wa China akatangaza batoto mapacha benye alibadirishia ADN mbele ya kuzaliwa, bakamufunga. Na 2023 Uingereza na Marekani bakakubali dawa ya kutengeneza damu ya SS kwa kukata ADN yenyewe, na ku Marekani bei ni dolari milioni 2 na laki mbili kwa mutu mumoya. Milioni mbili! Kule ku filme shida ni benye banachaguliwa na benye habachaguliwi, kwetu shida itakuwa dawa iko, tunajua jina yake, na tunaiona ku telefone.

Babu zetu benye baliangajiwa ku Union Minière, ile kampuni ya migodi ya wakati wa koloni, bao balipimwa mbele ya kupata kazi, munganga anaangalia kifua, uzito, anaandika. Na watoto bao leo banajisifu na ile kazi. Sisemi ni sawa sawa na Gattaca, nasema tu kwamba mwili kuwa dosye huku haikuanza na ADN.

Kuko ulizo moya filme inaikimbia na inaniuzi. Vincent eko na moyo mubaya kweli? Kuko fasi anakimbia ku mashini ya mazoezi, sauti ya moyo yenye banasikia ni ya Jerome, aliirekodi, na ikiisha moyo wake mwenyewe unapiga sawa ngoma, anatoka taratibu anaanguka mu chumba ya kuvalia anashika kifua. Basi huyu njo ataongoza chombo mpaka Saturne na benzake ndani? Shofa mwenye eko na kifafa na anaificha, mi siingie mu basi yake ya Kasumbalesa, ata kama ni mutu wa bidii namna gani. Filme inataka tumupigie makofi na sisi tunapiga, mi nilipiga, lakini nyuma nikawaza. Jibu yenye naona, na filme inaigusa mbio mbio tu, ni kwamba alishapita ile miaka 30 yao bila kufa, basi balimuhesabia vibaya. Inaweza. Ingekuwa filme kubwa zaidi kama mutu mumoya humo ndani angemuuliza mu uso.

Ya kubeza zingine nitapita mbio. Kuko mauaji, mukubwa mumoya wa Gattaca anauawa siku chache mbele ya safari, polisi inakuya, inapata nywele ya kope ya Vincent, yote inakuwa mbio mbio. Inasaidia kuvuta roho lakini muuaji mwenyewe ni jibu ya ovyo, utasema "ah, ni ule tu?" Mapenzi ya Vincent na Irene nayo ni ya baridi, bazuri bawili benye banaangaliana. Ila fasi moya tu iko na maana, Irene naye moyo wake uko na kasoro kidogo, karatasi ilimuambia hatafika mbali, na yeye aliikubali. Pale njo unaelewa ile dunia inakula ata batoto bake ba laboratwari.

Macho sasa. Mupiga picha Sławomir Idziak aliipatia rangi ya manjano na kijani, sawa vile yote iko nyuma ya chupa ya dawa, na Gattaca yenyewe ni nyumba ya kweli ya serikali kule California, Marin County Civic Center, yenye Frank Lloyd Wright alichora. Ma-vye batafurahi na ma-motoka: hayapaye hewani, ni ya miaka ya 1960, Citroën DS, Studebaker, yanapita na sauti ya umeme. Baliona mbali, juu filme zingine za ule wakati zilichora kesho na sasa zinachekesha, hii haizeeke, mavazi ni suti tu na nywele za kulambwa na mafuta. Balipendekezwa ku tuzo ya Oscar ya mapambo, lakini habakuikamata.

Mwenye hajaona aruke kipande hii. Fasi yangu ya kupenda kushinda zote haiko roketi, haiko ile ya kuogelea. Ni munganga Lamar, Xander Berkeley, mwenye anapimaka mikojo ya Vincent kila siku, mutu wa kimya tu, anaongeaka habari za mutoto wake. Siku ya safari, ku mulango kabisa, kipimo yenye haikuwa mu programu, Vincent hana sashe. Hana kitu. Anatoa mikojo yake mwenyewe, ile ya kweli, na mashini inaonyesha foto ya mufagiaji. Na Lamar anaanza kuongea juu ya mutoto wake, kwamba anapenda Gattaca, kwamba hakutoka vile balibaahidi, na anamuambia pole pole mambo ya mukono wa kushoto, kwamba mutu wa mukono wa kuume hashikiaki nao akikojoa. Alijua. Tangu siku ya kwanza. Kisha anabonyeza ka-tushi na foto inabadirika. Ule mutu anapoteza kazi yake ikijulikana, na anafanya hiyo bila kuinua sauti, sawa vile anarudisha chenji.

Kuogelea nako ni nzuri, ndugu bawili tangu batoto banaingia mu bahari kuona nani ataogopa na kurudi wa kwanza, mukubwa mugonjwa na mudogo wa laboratwari, na siku ya mwisho mudogo anauliza alifanya namna gani kumushinda, na Vincent anamuambia hakuwekaka nguvu ya kurudia. Batu mingi banalia hapa. Mi nilikuwa nawaza kwamba njo hesabu mubaya ya kuogelea, lakini sawa, inashika.

Yenye sikusamehe ni Jerome. Jude Law anakula filme yote, kuko fasi anapanda ngazi ya kuzunguka na mikono tu, miguu inakokota nyuma, polisi eko mu njia, anavuta, anavuta, na akifika anaikala ku kiti anatulia sawa hakuna kitu. Filme bora ya mutu kilema yenye niliona ni ile dakika mbili. Na mwisho banamufanya nini? Vincent anapanda mu anga, na Jerome anavaa medali yake ya nafasi ya pili, anajikokota mu ile furu yenye Vincent anajisuguliaka ndani, na anawasha. Muziki inapanda, roketi inapanda, moto na moto pamoya, banaona ni nzuri. Filme yenye inalilia batu benye karatasi inabafungia maisha inashindwa kumuwazia mutu wa kiti ya magurudumu maisha ata ya saa moya nyuma ya kutumikia. Mwenye kuandika angekwenda kuona ku Beach Ngobila, kile kivuko ya Kinshasa, bale bilema ba ma-tirisikle benye balikuwa banavusha bintu mpaka Brazzaville, ba-patron kabisa, banapiga makelele kushinda polisi. Ule mwanafunzi anasema Jerome alichagua, ni uhuru wake, alishajaribu kufa mbele, ile ajali haikuwa ajali. Najua. Lakini mwenye kuandika njo alimuchagulia.

Nota yangu: 8 kwa 10. Moya natosha juu ya mauaji na muuaji wake, moya nzima juu ya Jerome. Iangalie kwa Kingereza na maandiko ya Kifaransa chini kama unaweza. Batoto ba chini ya miaka 13 usibaache peke yao, damu ni kidogo na mapenzi ni ya heshima heshima, lakini ule mwisho utakuuliza maulizo usiku. Na usiisikilizie ku spika ya telefone, kamata ekuteri, muziki ya Michael Nyman ni biyoloni tu zenye zinarudilia rudilia, ku spika ndogo utaona sawa mbu, mu masikio ni kitu ingine.